Kocha wa Pacific Bell: mafunzo yaliyoishia mezani kwa mdhibiti

Hadi mwisho wa mwaka 1983, mkazi wa California ambaye hakuridhika na simu yake hakuwa na pa kwenda. Pacific Bell ilikuwa sehemu ya AT&T, kampuni iliyoshika simu za karibu Marekani nzima, na kazi ndani yake ilikwenda kwa kitabu cha taratibu: kila jambo lilikuwa na fomu yake na ngazi ya kulipitisha. Tarehe 1 Januari 1984 AT&T ikavunjwa, baada ya kesi ya ukiritimba iliyofunguliwa na serikali mwaka 1974. Matawi yake ya mikoani yakagawanywa kwa makampuni saba yanayojitegemea, na Pacific Bell ikaangukia chini ya Pacific Telesis ya San Francisco.

Ilibaki na wafanyakazi wapatao 67,000. Wengi waliingia wakiwa vijana wakitarajia kustaafia hapo hapo, na hakuna aliyewahi kuwadai wafikirie ushindani. Uongozi mpya ukaamua, na sidhani kama ulikosea, kwamba watu hao wanahitaji kubadili namna ya kufikiri. Hatua iliyofuata ndiyo iliyoleta mkasa: ukamchukua mshauri mmoja kutoka nje, Charles Krone, ukaanza kuwapitisha wafanyakazi wote kwenye mafunzo yaliyojengwa juu ya mawazo yake. Rasmi yaliitwa mafunzo ya kukuza uongozi. Wafanyakazi wenyewe wakayabatiza kwa jina la mtu: "Kroning".

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kama kichekesho, kampuni ya simu iliyoingizwa mjini na mganga wa maneno. Simulizi hiyo haimtendei haki Krone, na inawaachia walioweka saini.

Krone hakuokotwa njiani. Alitokea Procter & Gamble, kampuni ya sabuni na bidhaa za nyumbani, na jina lake lilihusishwa na kiwanda chao cha Lima, jimbo la Ohio, kilichosukwa katika miaka ya 1960. Lima haikuwa na safu ndefu ya wasimamizi waliosimama nyuma ya migongo ya watu. Wafanyakazi waliendesha mitambo kwa vikundi, wakazungushana kazi, na malipo yalipanda kadiri mtu alivyojua kazi nyingi zaidi. Tija yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba Procter & Gamble kwa miaka mingi haikupenda kueleza mambo yanavyokwenda mle ndani, ilikuwa siri ya biashara. Kwa hiyo mkurugenzi wa Pacific Bell aliyeuliza "huyu bwana amefanya nini huko nyuma?" alipata jibu zito.

Ila tazama jibu hilo lilikuwa na nini ndani yake. Lima ilikuwa kiwanda kimoja, kimeanza upya, hakina mazoea ya zamani. Waliojifunza kufikiri kwa pamoja ndio hao hao waliokuwa na mamlaka ya kubadili ratiba ya mtambo kesho yake asubuhi. Kilichobadilika pale kilikuwa kazi yenyewe: nani anaamua, nani analipwa kwa nini, nani anamsimamia nani. Mazungumzo yalikwenda sambamba na hayo.

Pacific Bell ilinunua mazungumzo.

Mafunzo yaliendeshwa kwa vikao vya siku mbili mbili, vikirudiwa kwa awamu, na mpango ulikuwa kila mtu apite, kuanzia wakubwa hadi mafundi wa nyaya na wapokea simu. Watu wa vyeo mbalimbali walikaa ukumbi mmoja wakijifunza kuchambua namna wanavyofikiri. Walifundishwa mambo sita ya msingi ya afya ya taasisi: upanuzi, uhuru, utambulisho, umakini, mpangilio na mwingiliano. Hadi hapo hakuna ubaya, semina zetu zina orodha ndefu kuliko hiyo. Tatizo lilikuja kila neno lilipopewa maana yake. "Mwingiliano", kwa mfano, ulielezwa kuwa ni uwezo endelevu wa kujihusisha na muunganiko na uhusiano uliopo na unaoweza kuwepo, ambao ni wa lazima kwa ubunifu unaohitajika kudumisha na kukuza uhai wetu na wa taasisi tuliyomo. Msomee sentensi hiyo fundi aliyeshuka kwenye nguzo ya simu muda huu, kisha mwulize kesho atafanya nini tofauti. Huna haja ya kungoja jibu.

Lugha hiyo ikatoka ukumbini ikaingia kwenye waraka na vikao vya kila siku. Waliopita mafunzoni wakawa wanazungumza namna moja, wasiopita wakawa nje. Nani asiyemjua mwenzake aliyerudi semina na msamiati mpya, anautumia hadi kwenye kuagiza chai? Kwa wiki mbili inachekesha. Ukiwa nao makumi ya maelfu, na bosi wako akiwa mmoja wao, kicheko kinakwisha. Unaanza kujiuliza kama kupanda cheo kutategemea ufundi wako au namna unavyoyatamka maneno yale. Hofu hiyo ndiyo wafanyakazi waliyoieleza walipoanza kulalamika nje ya kampuni.

Kulikuwa na jambo jingine lililowakera zaidi. Mawazo ya Krone yalihusishwa na mafundisho ya Georges Gurdjieff, mwalimu wa mambo ya kiroho aliyezaliwa upande wa Armenia na kufia Ufaransa mwaka 1949, ambaye aliwafundisha wafuasi wake kwamba binadamu anaishi kama aliyelala na inabidi aamshwe. Kampuni ilikanusha kwamba inafundisha imani yoyote. Lakini mfanyakazi Mkristo aliyelazimishwa kukaa siku mbili akichambuliwa fahamu zake, kisha akasoma gazetini chimbuko la mafundisho hayo, hakuhitaji kuwa mtu wa wasiwasi ili ajione amepelekwa mahali asikoomba.

Magazeti ya California yalilipamba jambo hilo mwaka 1987. Hata hivyo kilichoibana kampuni si magazeti. Ilikuwa Tume ya Huduma za Umma ya California, chombo kilichokuwa kikipanga bei za simu, umeme na maji. Kwa msomaji wa Tanzania, fikiria TCRA na EWURA zikiwa ofisi moja.

Pacific Bell ilikuwa bado mtoa huduma mwenye bei zinazodhibitiwa. Katika mfumo ule, kampuni hupeleka gharama zake kwa mdhibiti, mdhibiti akizikubali huongezwa faida inayoruhusiwa kwa mtaji uliowekezwa, na jumla hiyo ndiyo hugawanywa kwenye bili za wateja. Mishahara, nyaya, magari, mafunzo, vyote vimo. Kwa maneno mengine, bibi wa Fresno aliyekuwa akimpigia mwanawe simu Jumapili alikuwa anachangia kumlipa kocha. Mafunzo yalikuwa yamekwishameza makumi ya mamilioni ya dola, na watumishi wa Tume waliosimamia maslahi ya wateja wakauliza swali ambalo ndani ya kampuni halikuwa na mtu wa kuliuliza: mteja amepata nini kwa fedha hii? Walipozungumza na wafanyakazi na kupokea maoni yao, malalamiko yakazidi sifa kwa mbali. Pendekezo lao lilikuwa sehemu kubwa ya gharama hiyo iondolewe kwenye bili, wenye hisa waibebe wenyewe.

Mwaka huo huo mafunzo yakasimamishwa. Wakubwa waliokuwa wameusukuma mpango hawakudumu kwenye viti vyao.

Hayo ndiyo matukio. Sasa uchambuzi, na nitakaa zaidi kwenye mambo mawili ambayo naona hupitwa haraka.

La kwanza ni ugonjwa uliokuwa unatibiwa. Mwaka 1986, kabla Krone hajawa habari ya magazetini, Tume hiyo hiyo ilikuwa imeikalia kooni Pacific Bell kwa namna wauzaji wake walivyowabebesha wateja vifurushi vya huduma za ziada. Mtu alipiga simu kuomba laini, akajikuta analipia huduma ambazo hakuzielewa, na baadhi ya wateja hao walikuwa wahamiaji wasiojua Kiingereza vizuri. Wauzaji hawakufanya hivyo kwa sababu fikra zao zilikuwa na kasoro. Walikuwa na malengo ya mauzo ya kutimiza, na aliyeshindwa kuyatimiza alijua kinachomsubiri. Mpeleke muuzaji huyo kwa kocha bora duniani. Ataelewa, pengine atatokwa na machozi ukumbini, kisha Jumatatu atarudi kwenye meza ile ile yenye karatasi ile ile ya malengo. Kama karatasi haijabadilika, naye hatabadilika, na haitakuwa haki kumlaumu.

Hapa ndipo naona kosa kuu la ununuzi huu. Kutoka Lima zilichukuliwa istilahi, na mamlaka yakaachwa. Fundi wa Pacific Bell alifundishwa kufikiria "njia ya mbele", kama msamiati wa mafunzo ulivyosema, bila kupewa hata uwezo wa kuamua aanze na nyumba ipi kati ya zilizo kwenye ratiba yake. Ukimfundisha mtu kufikiri kwa upana kisha ukamrudisha kwenye kazi finyu ile ile, kero yake itakuwa kubwa kuliko ya yule usiyemfundisha kabisa, kwa sababu sasa anaona vizuri zaidi alivyobanwa.

La pili ni hesabu, na hapa naomba msomaji anayeandaa bajeti ya mafunzo anivumilie. Watu wakizungumzia gharama ya kocha humaanisha ankara yake. Ankara ndiyo sehemu ndogo. Watu 67,000 wakikaa ukumbini siku mbili, hizo ni siku-kazi 134,000 kwa awamu moja tu. Mfanyakazi mmoja akihesabiwa kufanya kazi siku 220 kwa mwaka, ni sawa na kuwatoa watu zaidi ya 600 kazini mwaka mzima huku mishahara yao ikiendelea. Na awamu hazikuwa moja. Weka juu yake nauli, ukumbi, chakula na wateja waliongojea fundi ambaye hakuja.

Hesabu hiyo inafanya kazi vile vile kwa kampuni ndogo. Kampuni ya watu 80 pale Mbezi inayomleta kocha kwa siku mbili inatoa siku-kazi 160 kabla hata hajashika kipaza sauti. Nimeona mameneja wakivutana na mwezeshaji wiki nzima kumshusha laki tano kwenye bei, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kweli lazima watu wa stoo na wa mapokezi wakae wote ukumbini kusikiliza mada ile ile.

Kuna jambo linalounganisha hayo mawili, nalo ni kwamba aliyenunua hakuwa anayelipa, wala hakuwa anayefundishwa kwa maana ya kubeba matokeo. Wakubwa wa Pacific Bell walichagua, wateja wakalipa, wafanyakazi wakakaa ukumbini. Pembetatu ya namna hiyo haina mtu mwenye sababu ya kusema "subiri kwanza, tujaribu na ofisi moja". Na jaribio halikuwa gumu kwa kampuni yenye ofisi jimbo zima: chagua ofisi kumi zipite mafunzo, kumi zinazofanana nazo zisipite, angalia baada ya miezi sita muda wa kurekebisha hitilafu na malalamiko ya wateja. Badala yake wakaamua kuwafikia wote, na ukishawaahidi wote huwezi tena kulinganisha, maana hakuna aliyebaki nje.

Afrika Mashariki tuna pembetatu yetu. Kenya mwajiri hulipa tozo ya mafunzo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kuomba NITA, mamlaka ya taifa inayosimamia mafunzo ya viwandani, imrudishie gharama za mafunzo iwapo amemtumia mkufunzi aliyesajiliwa na kufuata taratibu. Ni utaratibu mzuri kwa nia yake. Lakini usajili hukagua makaratasi ya mkufunzi; hauwezi kukuambia kama shida ya kampuni yako ni ya kufundishika. Matokeo yake, ofisi fulani ikikaribia mwisho wa mwaka wa fedha utasikia, "kuna hela ya mafunzo, tumtafute mtu." Mtu anatafutwa kabla shida haijatajwa. Tanzania bara, ambako mwajiri mwenye watu kumi au zaidi hulipa tozo ya ufundi stadi kwa asilimia fulani ya mishahara, huwa nasikia manung'uniko ya upande mwingine: tumeshalipia mafunzo serikalini, ya ndani tufanye ya haraka haraka. Na ya haraka haraka maana yake ni mhamasishaji mwenye sauti nzuri, saa tatu, picha ya pamoja, vyeti.

Simsemi vibaya mhamasishaji. Kama unataka watu wacheke pamoja baada ya mwaka mgumu, mlipe, anastahili. Ila usiandike kwenye taarifa ya bodi kwamba umejenga uongozi.

Suala la imani nalo halikuishia California. Mwaka 1988 tume ya Marekani inayosimamia usawa kazini ilitoa mwongozo kuhusu mafunzo ya aina hii, ikitegemea sheria ya haki za kiraia ya 1964: mfanyakazi akisema mafunzo yanapingana na dini yake, mwajiri anapaswa kumtafutia njia mbadala, isipokuwa kama kufanya hivyo kutamletea mzigo usiobebeka. Mwajiri haruhusiwi kujibu kwamba mafunzo si ya kidini na mjadala umefungwa. Kinachoangaliwa ni imani ya mlalamikaji. Kwetu jambo hili liko karibu kuliko tunavyodhani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 32, inakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo linalokwenda kinyume na imani yake. Na ukweli ni kwamba makocha wetu wengi hawachukui mambo yao kwa Gurdjieff, huyachukua mimbarini. Nimekaa ukumbini mkufunzi akiwataka watu wote wafumbe macho, wainue mikono na "kupokea" mwaka mpya wa mafanikio, huku Waislamu wa meza ya nyuma wakitazamana. Hakuna aliyenyanyuka. Kwenye fomu ya tathmini, aliyekuwa ameketi kando yangu akaandika neno moja, "vizuri", akaikunja.

Fomu hiyo nayo ina lake. Pacific Bell haikukosa tathmini, ilikosa mahali pa mfanyakazi kusema ukweli bila kuhofia cheo chake. Ukweli ulipatikana pale alipouliza mtu asiye na uwezo wa kumpandisha wala kumshusha. Fomu inayokusanywa na HR mlangoni, ina mstari wa jina juu, mkufunzi amesimama pembeni akitabasamu, hupima adabu ya watu.

Je, Pacific Bell ingemwacha Krone? Sioni ulazima. Kwa ushahidi wa Lima, alikuwa mtu wa kuwekwa kwenye kituo kimoja, na meneja mmoja mwenye ruhusa ya kugusa ratiba, malengo na malipo ya kituo hicho. Afike na vikundi mahali wanapofanyia kazi, aone hitilafu inavyopokelewa, inavyopotea kwenye makabati, inavyomrudia mteja siku ya nne. Mambo aliyoyafahamu yangepata pa kushika, na kama hayana pa kushika ingejulikana mapema kwa gharama ya kituo kimoja.

Na mkataba wake ningeutaka uwe na vitu ambavyo hata leo sivioni kwenye mikataba mingi ya makocha ninayoletewa niisome. Kwanza kabisa, shida iandikwe kwa maneno ya anayeiona kila siku: "mteja anapiga simu mara tatu kwa hitilafu moja", na si "kukuza fikra za kimkakati". Kisha, upande wa kampuni uandike nini utabadilisha wenyewe wakati kocha anaendelea na kazi. Ukurasa huo ukibaki mtupu, kuna sababu ya kutosha ya kutoendelea. Kuwe na kifungu cha hiari, chenye kazi mbadala kwa asiyetaka kushiriki na katazo la kuuliza sababu. Vifaa vyote vya mafunzo visomwe kabla na watu watatu ambao hawatahudhuria, mmoja wao awe wa ngazi ya chini, na neno lolote ambalo hawawezi kulieleza kwa mfano wa kazini liondolewe. Malipo ya mwisho yangoje miezi minne. Hapo ndipo makocha wazuri na wabaya huanza kutofautiana kwa sauti, maana mzuri atakuuliza utapima nini na kwa takwimu za nani, na mwingine atakueleza kwamba mabadiliko ya ndani hayapimiki.

Kipengele cha kusitisha ndicho kilichoigharimu Pacific Bell zaidi kwa kukosekana, si kwenye karatasi pekee bali vichwani. Mpango ulishafungamanishwa na majina ya wakubwa, kwa hiyo kuusimamisha kungekuwa kuwasimamisha wao, na hakuna aliye chini yao angeweza kupendekeza hilo akabaki salama. Ndiyo maana tarehe ya kuamua kuendelea au kuacha inatakiwa iwekwe siku ya kusaini, pamoja na jina la mtu atakayeamua, na mtu huyo asiwe yule aliyemleta kocha.